Msitujengee Ghala Jingine: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mifumo ya Taarifa za Umma

Waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, makamishna wa ulinzi wa taarifa binafsi, na wakurugenzi wa TEHAMA ambao saini zenu ndizo zinazoamua taarifa zetu zilale wapi,

Nawasalimu kwa heshima.

Nimeandika hadharani kwa kuwa mali inayozungumzwa ni ya wote: magonjwa yetu, mishahara yetu, madeni yetu, alama za vidole vyetu, matokeo ya mitihani ya watoto wetu. Kila mara unapotangazwa mfumo mpya wa kuziunganisha, mpango ni uleule: zote zivutwe zije kwenye kanzidata moja kubwa, kisha wataalamu wazichambue humo. Siku hizi limeongezwa neno moja kwenye mipango hiyo, nalo ni blokcheni, yaani daftari la kidijitali lisilofutika ambalo nakala zake ziko kwa wengi, na kwa neno hilo tunaambiwa tutulie. Naomba ninyi msitulie bado. Blokcheni inaweza kutufaa sana, ila si kwa kazi ambayo wazabuni wengi wanataka kuipa. Taarifa zetu ziachwe zilipo; hesabu ndiyo izifuate huko; na blokcheni iwe shahidi wa kila kilichofanyika, isiwe sanduku la kuziwekea.

Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni tu. Kabla sijaanza kuandika programu nilikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali kwa miaka sita. Siku moja walikuja watafiti na barua iliyogongwa muhuri. Utafiti wao ulikuwa wa maana: walitaka kujua ni wagonjwa wangapi wanaotumia dawa fulani ya shinikizo la damu hurudi wodini ndani ya mwezi mmoja. Ukitazama vizuri, walichohitaji ni namba nne. Tulichowapa ni jedwali zima. Nilielekezwa nifute safu ya majina, nikaifuta. Zikabaki tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mtaa, ugonjwa, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Nilipokuwa nahakiki kabla ya kunakili kwenye flashi, macho yakasimama kwenye mstari mmoja. Mwanamke, amezaliwa tarehe 29 Februari, mtaa tunaokaa sisi, amelazwa siku ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mkono kumpandisha ngazi. Alikuwa mama mdogo. Jina halikuwepo, na halikuhitajika. Mbele yake ulikuwa umeandikwa ugonjwa wa pili, ambao nyumbani hakuna aliyeujua, na ambao yeye alimsihi daktari ubaki baina yao wawili.

Nikanakili. Sikuwa na mamlaka ya kukataa, na barua ilikuwa na muhuri. Flashi ile haikurudi ofisini. Mama mdogo alifariki miaka mingi baadaye bila kujua kwamba siri yake ninayo, na mimi sikuwahi kumwambia.

Kilichonipata mimi kwa bahati, wengine wamekifanya kwa makusudi ili kutuonya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alichukua taarifa za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, zilizokwisha kuondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge, akampata humo gavana wa jimbo, William Weld, pamoja na rekodi za matibabu yake. Baadaye akaonyesha kwamba takriban asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Mzabuni akiwaambia "tunaondoa majina", mwulizeni anabakiza nini.

Na maghala yenyewe historia yake mnaijua. Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza kuibiwa taarifa za watu milioni 21.5, zikiwemo alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Nywila ikiibwa utaibadilisha; kidole utabadilisha na nini? Mwaka 2017 zikavuja taarifa za watu wapatao milioni 147 kutoka Equifax, kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu. Mwaka 2018 Singapore, nchi inayosifiwa kwa nidhamu ya mifumo yake, iliibiwa taarifa za wagonjwa milioni 1.5, Waziri Mkuu akiwamo. Linaloniuma zaidi ni la Ufini. Kituo cha tiba ya saikolojia cha Vastaamo kilikuwa kimeweka maelezo ya vikao vya wagonjwa, yale mtu anayomweleza mtaalamu wake mlango ukiwa umefungwa, kwenye kanzidata moja isiyolindwa ipasavyo. Mwaka 2020 wagonjwa wenyewe, maelfu kwa maelfu, walianza kupokea barua pepe za kuwadai pesa ili maelezo hayo yasianikwe.

Makosa ya hao wote hayakufanana. Umbo ndilo lililofanana: kila kitu mahali pamoja, na aliyefika hapo amefika kwa wote.

Sasa atakuja mzabuni na jibu: "Tuweke kwenye blokcheni, haidukuliki." Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana katika sentensi hiyo kweli na uongo vimefungwa kifurushi kimoja.

Mzizi wa blokcheni si pesa. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walitafuta njia ya kuthibitisha kwamba hati ya kidijitali ilikuwepo siku fulani na haijaguswa tangu siku hiyo. Walichukua alama ya hati, tuiite hashi: mfuatano wa tarakimu unaokokotolewa kutokana na maandishi yote, ambao ukibadilisha hata mkato mmoja unatoka tofauti kabisa, na ambao hauwezi kurudishwa nyuma ukakupa maandishi. Kila alama ikafungwa na zilizoitangulia. Kuanzia 1995 kampuni yao ikawa inachapisha alama ya jumla kila wiki kwenye gazeti la New York Times, kwenye matangazo madogo. Aliyetaka kughushi hati ya wiki iliyopita angelazimika kwanza kukusanya kila nakala ya gazeti iliyokwisha kuuzwa. Mwaka 2008 mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alijenga Bitcoin, sarafu ya kidijitali, juu ya wazo hilo, na mahali pa gazeti wakaingia wenye kompyuta, kila mmoja na nakala yake ya daftari zima.

Angalieni nguvu hiyo inatoka wapi. Gazeti haligusiki kwa sababu liko mikononi mwa kila mtu. Nani basi angepeleka cheti cha mgonjwa kikachapwe gazetini ili kiwe salama? Ndicho wanachopendekeza wanaotaka rekodi za wagonjwa ziingizwe kwenye blokcheni. Blokcheni inahakikisha kwamba jambo halijabadilishwa. Kwamba halijaonekana, hilo haikuumbiwa.

Watajibu kwamba watazisimba kwanza, yaani watazigeuza zisisomeke bila ufunguo. Sawa, lakini kilichoandikwa humo hakifutiki. Kinalindwa na ufunguo wa leo, na nakala yake inasubiri kwa kila mtu hadi siku ufunguo utakapovuja. Siku kama hiyo imekwisha kufika mahali. Mtandao wa blokcheni uitwao Secret Network, uliozinduliwa 2020, uliahidi mikataba na miamala isiyoonekana na wengine, ukitegemea chumba cha siri kilichomo ndani ya chipu za Intel, kiitwacho SGX. Mwaka 2022 watafiti walitumia dosari ya chipu hizo wakautoa ufunguo mkuu wa mtandao mzima. Walikuwa waungwana, wakawaarifu wahusika kwanza, na mwanya ukazibwa. Ila ufunguo ule ungeweza kufungua miamala ya tangu siku ya kwanza, na miamala hiyo ilikuwa kwa yeyote aliyependa kuihifadhi. Kufuli unaweza kulibadilisha kesho. Nakala zilizokwisha kutoka utamdai nani azirudishe?

Tena sheria nyingi za ulinzi wa taarifa, ikiwemo ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Mkiziandika kwenye daftari lisilofutika mtakuwa mmemnyang'anya haki hiyo kabla hajaiomba.

Kuna mtego mwingine, na huu nimeukuta kwenye michoro ya mifumo zaidi ya mara moja: "Hatuweki namba ya kitambulisho, tunaweka hashi yake." Namba za vitambulisho zina mpangilio unaojulikana. Kompyuta ya kawaida inaweza kutengeneza hashi ya kila namba inayowezekana, kisha ikalinganisha. Mwaka 2014 zilitolewa hadharani taarifa za safari zaidi ya milioni 170 za teksi za New York, namba za leseni zikiwa zimefichwa kwa hashi tupu. Mtaalamu mmoja alizirudisha ndani ya saa chache, kwa sababu namba zinazowezekana hazikuwa nyingi kiasi cha kuishinda kompyuta. Hashi ya kuandikwa hadharani lazima ichanganywe kwanza na namba ndefu ya nasibu inayotunzwa pembeni kwa siri. Hapo hakuna wa kuikisia. Na mwenye taarifa akiomba kusahauliwa, taarifa yenyewe inafutwa pamoja na ile namba ya siri, na kinachobaki kwenye daftari ni tarakimu zisizomsema mtu yeyote.

Basi siri italindwa na nini? Italindwa na hesabu, na hesabu hizo ni kongwe kuliko blokcheni. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha namna ya kukata siri vipande, ikawa anayepata vipande pungufu hajapata kitu. Mwaka 1982 Andrew Yao aliuliza: matajiri wawili wanawezaje kujua nani ana mali zaidi bila yeyote kutaja alicho nacho? Kutoka kwenye maswali ya namna hiyo ikazaliwa fani nzima ya kukokotoa kwa pamoja bila kuonyeshana.

Nataka mlione hili kwa macho yenu, maana mara nyingi mnaambiwa ni mambo ya mabingwa peke yao. Chukueni hospitali tatu. Ya kwanza ina wagonjwa 40 wa ugonjwa fulani, ya pili 55, ya tatu 70, na hakuna inayotaka wenzake waijue idadi yake. Ya kwanza inaikata 40 vipande vitatu vya kubahatisha ambavyo vikijumlishwa vinarudi kuwa 40: 112, hasi 90, na 18. Ya pili inaikata 55 yake: hasi 31, 64, na 22. Ya tatu inaikata 70: 8, 95, na hasi 33. Kila hospitali inapeleka kipande cha kwanza kwenye kompyuta A, cha pili B, cha tatu C. Kompyuta A inaona 112, hasi 31 na 8. Inajumlisha, inapata 89. B inapata 69. C inapata 7. Majumlisho hayo matatu pekee ndiyo yanayotangazwa: 89, 69 na 7, jumla 165. Jumlisheni sasa 40, 55 na 70. Ni 165. Jibu limepatikana, na hakuna kompyuta hata moja iliyowahi kuiona 40. Mwizi akivunja A na kuipekua usiku kucha atakuta 112, ambayo si idadi ya wagonjwa wa popote. Katika mfumo halisi vipande huchaguliwa kutoka uwanja mpana mno wa namba ili hata ukubwa wake usidokeze kitu, na hesabu za kuzidisha huzilazimu kompyuta kuzungumza zaidi baina yao, lakini njia ndiyo hiyo.

Watafiti wale walioleta barua yenye muhuri wangepata namba zao nne kwa njia hii. Mimi nisingeshika flashi, na mama mdogo angebaki na siri yake.

Wala si mambo ya maabara. Januari 2008, nchini Denmark, wakulima wapatao 1,200 wa viazisukari walishiriki mnada wa mikataba ya kuuza mazao yao kiwandani. Kiwanda kilikuwa cha kampuni moja, Danisco. Mkulima hakutaka kampuni ijue yuko tayari kuuza kwa bei gani, kwa kuwa bei hiyo inafichua hali yake na inaweza kutumiwa dhidi yake siku ya kujadili mkataba. Kampuni nayo isingekubali chama cha wakulima kiendeshe mnada peke yake. Zikawekwa kompyuta tatu: moja ya kampuni, moja ya chama cha wakulima, moja ya watafiti. Bei za wakulima ziliingia zikiwa vipande, na baada ya nusu saa hivi ya hesabu bei ya soko ikapatikana bila bei ya mkulima yeyote kufunuliwa. Kinachonivutia mimi zaidi ni jinsi walivyochaguliwa wale watatu. Maslahi yao yaligongana. Ili siri ivuje ilibidi wapatane watu wasioaminiana.

Blokcheni inaingia wapi basi, ikiwa mnada ule ulifanikiwa miezi kadhaa kabla hata andiko la Bitcoin halijatoka? Mnada ule ulikuwa wa siku moja, na washiriki walijuana. Mfumo wa afya au wa kodi ni wa kila siku. Una maswali maelfu, waulizaji wanakuja na kuondoka, na hata wenye kompyuta wanabadilika. Nani ataandika kwamba fulani aliuliza hili, kwa ruhusa ya fulani? Nani atathibitisha kwamba kanuni iliyopitishwa ndiyo iliyotumika? Msimamizi wa mfumo akifuta usiku mistari miwili ya logi, yaani kumbukumbu za nani alifanya nini ndani ya mfumo, nani atajua? Leo logi hizo hukaa kwa yuleyule anayechunguzwa nazo. Hapo anahitajika shahidi asiyenunulika, na hapo ndipo lile gazeti lisilokusanyika linapokuwa na thamani.

Mwaka 2015 Guy Zyskind na Alex Pentland wa MIT, pamoja na Oz Nathan, waliandika pendekezo waliloliita Enigma. Vipande vya siri vikae nje ya mnyororo, yaani nje ya blokcheni, hesabu zifanyike nje ya mnyororo, na mnyororo wenyewe ubebe ruhusa, kumbukumbu, na dhamana ambayo mwenye kompyuta huipoteza akikamatwa anadanganya. Mgawanyo huo wa kazi naukubali hadi leo. Na hapa pana jambo la kuwafunza: mradi huohuo wa Enigma ndio uliozaa Secret Network niliyoitaja, na katika safari hiyo siri iliegemezwa kwenye chipu badala ya vipande. Mpango ulikuwa na mnyororo mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni mahali siri ilipoegemea, na hapo ndipo ilipovunjikia.

Estonia, iliyopigwa na mashambulizi ya mtandaoni mwaka 2007, imekwenda na sehemu ya wazo hili. Rekodi hubaki kwenye mifumo ya taasisi, na alama za hashi ndizo zinazofungwa kwenye mnyororo ili aliyechezea kumbukumbu ajulikane. Mwananchi wa huko anaweza kuingia akaona nani alifungua faili lake la matibabu. Nafikiria mama mdogo angeona nini kama angepewa dirisha hilo.

Niendelee na jambo ambalo hata wenzangu wa fani hulisahau, na ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Tuseme mtu ana ruhusa ya kuuliza jumla tu, haruhusiwi kuona mtu mmoja mmoja. Anauliza: wafanyakazi wa idara fulani wenye ugonjwa fulani ni wangapi? Anajibiwa 4. Mfanyakazi mmoja anahamishwa. Kesho yake anauliza tena, anajibiwa 3. Hakuna faili lililofunguliwa, vipande vyote vimebaki vipande, na siri ya yule aliyehama imeshatoka. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake waliweka msingi wa tiba ya tatizo hili: kila jibu litiwe kelele kidogo iliyopimwa, yaani lisogezwe kwa namba ndogo ya nasibu, kiasi cha kumficha mtu mmoja bila kuharibu picha ya wengi, na taarifa ziwekewe bajeti ya faragha inayopungua kwa kila swali. Bajeti ikiisha, maswali yanakoma. Ofisi ya sensa ya Marekani ilitumia njia hii kwa matokeo ya sensa ya 2020.

Lakini bajeti bila daftari la matumizi ni maneno, na daftari hilo akilishika muulizaji mwenyewe ni kazi bure. Sijui matumizi ya mnyororo yanayofaa kuliko haya. Kila swali linaandikwa, salio linapungua mbele ya taasisi zote, na mkataba wa kidijitali, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye mnyororo, unalikataa swali la ziada hata likitoka kwa mkubwa wa wakubwa. Kama mtachukua jambo moja tu katika barua hii, chukueni hili.

Msiridhike pia na idadi ya kompyuta iliyoandikwa kwenye mchoro. Machi 2022 liliibiwa daraja la Ronin, lililokuwa likivusha fedha za mchezo wa Axie Infinity kutoka mnyororo mmoja kwenda mwingine. Lilikuwa na walinzi tisa, na saini tano zilitosha kupitisha muamala. Kwenye karatasi ulikuwa mfumo uliogatuliwa. Ila funguo nne zilikuwa za kampuni moja, na ya tano ilikuwa ya kundi lililowahi kuiruhusu kampuni hiyo isaini kwa niaba yake, ruhusa ambayo haikuondolewa ilipokwisha kazi. Wadukuzi waliingia nyumba moja wakatoka na saini tano na zaidi ya dola milioni 600. Mfumo wa umma ambao kompyuta zake saba ziko katika jengo moja, chini ya mkurugenzi mmoja, una kompyuta moja iliyochorwa mara saba. Nataka ninyi mtafute wenye maslahi yanayogongana kama wale wa Denmark: mkaguzi wa hesabu za serikali, chuo kikuu, chama cha madaktari, chama cha wagonjwa, mahakama. Kila mmoja awe na mashine yake, kwenye jengo lake, na mafundi anaowalipa yeye.

Gharama zipo. Kujumlisha kwa vipande ni rahisi. Uchambuzi mgumu ni mzito na unataka mawasiliano ya kasi baina ya kompyuta. Ile njia nyingine ya kufanyia hesabu taarifa zikiwa bado zimesimbwa, ambayo Craig Gentry alionyesha mwaka 2009 kwamba inawezekana kwa hesabu za aina zote, bado ni ya polepole mno ikilinganishwa na hesabu ya wazi. Na daktari wa zamu aliyeletewa mgonjwa aliyezimia anahitaji faili lenyewe, sasa hivi. Kwake tuweke mlango wa dharura unaofunguka papo hapo na kuandika kwenye daftari kwamba umefunguliwa, na nani. Kuhusu umeme, hoja kwamba blokcheni hula umeme mwingi imepitwa na wakati kwa mifumo ya aina hii: Ethereum, blokcheni kubwa ya umma, ilipoacha uchimbaji, yaani kompyuta kushindana kwa hesabu nzito ili kupata haki ya kuandika daftarini, Septemba 2022 matumizi yake ya nishati yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99, na mnyororo wa taasisi zinazojulikana hauhitaji uchimbaji kabisa.

Nawaomba sana pia kuhusu uwazi wa programu zenyewe. Sarafu ya kidijitali ya Zcash ilianza 2016 ikitumia uthibitisho usiofichua, yaani namna ya kumthibitishia mtu kwamba jambo ni kweli bila kumwonyesha jambo lenyewe, wazo la Goldwasser, Micali na Rackoff la mwaka 1985. Mwaka 2018 mmoja wa wataalamu wake aligundua kwamba ndani ya hesabu mlikuwa na kosa tangu mwanzo, ambalo lingemwezesha anayelijua kutengeneza sarafu bandia bila kuonekana. Lilizibwa kimyakimya Oktoba 2018, likatangazwa Februari 2019. Hao ni mabingwa wa dunia, na maandishi yao yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma. Mfumo ambao msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake, ni siri ya kampuni utasomwa na nani? Mzabuni anayesema hawezi kuonyesha msimbo kwa sababu za usalama hajajenga usalama, na mngemwondoa kwenye orodha siku hiyohiyo.

Nililo nalo kwenu la kutenda ni hili. Kabla ya saini ya kwanza, chapisheni mchoro wa mfumo, majina ya taasisi zitakazoshika vipande, na kanuni za maswali yanayoruhusiwa, na mtupe muda wa kuvisoma na kuvihoji. Mkataba useme wazi kwamba hakuna taarifa ya mtu itakayoandikwa kwenye mnyororo, iwe wazi au imesimbwa. Anzeni na swali moja dogo la kweli, kama lile la watafiti wa dawa ya shinikizo la damu, kwenye hospitali tatu tu, na wapeni watu wa nje ruhusa ya kujaribu kulivunja kabla hamjagusa taarifa za taifa zima. Na kila mmoja wetu apewe dirisha la kuona nani aliuliza nini kilichogusa taarifa zake.

Mkiwa na rasimu yoyote mezani, nileteeni. Nitaisoma bila malipo, na nitaeleza nilichokiona hadharani kama nilivyoandika hapa. Nitaanza kwa kutafuta mahali ambapo mstari wa mama mdogo ungeandikwa, kisha nitahesabu ni watu wangapi wangeweza kuusoma.

Wenu mwaminifu,

Mtunza kumbukumbu wa zamani, sasa mwandishi wa programu